Thurea Pindoni: Safari ya Bohemia ya Kaskazini

Basi la kwenda Jablonec nad Nisou huondokea Černý Most, mwisho wa reli ya chini ya ardhi ya Prague, na baada ya saa moja na nusu hivi linakuwa limeshaingia kwenye vilima vya Jizera. Nilikaa dirishani. Mkobani nilikuwa na kipande cha lesi ya mawe, na kwenye simu picha ambazo wateja wangu wa Dar es Salaam wamekuwa wakinitumia misimu yote hii ya harusi: mabega yaliyomwagiwa vioo, mikono ya gauni inayodondosha matone hadi kiwikoni, hereni zinazogusa mtulinga. Bibi harusi mtarajiwa anakwenda kukagua ukumbi, anainua macho, anaiona thurea imewashwa, kesho yake yuko kwa fundi: "Nataka hivyohivyo, ila kwenye nguo."

Ombi lenyewe si geni. Watu wamekuwa wakivaa taa kwa karne kadhaa. Hereni za girandole, zenye matone matatu yanayoning'inia chini ya fundo la utepe, zimeyachosha masikio ya wanawake wa Ulaya tangu karne ya 17, na umbo lake pamoja na jina lake vimetoka kwenye kinara cha mishumaa chenye matawi. Mwaka 1883 Alice Vanderbilt alikwenda kwenye dansi ya mavazi ya kuigiza mjini New York akiwa amevaa "Taa ya Umeme", gauni la satini ya manjano kutoka kwa Charles Frederick Worth wa Paris, limedariziwa miale ya radi kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Na mwaka 2019 Katy Perry alipanda ngazi za Metropolitan Museum akiwa yeye mwenyewe ndiye thurea, na mishumaa yake juu, kazi ya Jeremy Scott wa Moschino. Hilo la mwisho mimi naliita vazi la kupigiwa picha.

Kinachonisumbua ni kidogo kuliko hayo yote. Gauni lenye kilo nzima ya vioo linameta kwenye picha ya dukani, likifika ukumbini linalala. Wageni wanauona uzito wake, mwanga hawauoni. Nilitaka kujua kwa nini, na nilitaka kuwauliza watu wanaotengeneza vyote viwili, taa na mawe ya nguo.

Watu hao wako huku. Upande wa magharibi, Kamenický Šenov na kijiji jirani cha Prácheň, thurea zimetengenezwa tangu 1724, Josef Palme alipopata kibali cha kazi hiyo. Upande wa mashariki, Jablonec na vijiji vyake wanatoa shanga, vifungo, bruchi na mawe ya kushonea. Daniel Swarovski alizaliwa papa hapa, mwaka 1862, kijiji cha Jiřetín pod Bukovou. Alipobuni mashine ya umeme ya kukatia mawe akapata hataza mwaka 1892, na mwaka 1895 akahamia Wattens, Austria, kwenye maji ya kuzungushia mitambo na mbali na majirani wenye mikono myepesi ya kuiga.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Arusha anayesoma mambo ya nguo kwenye chuo kikuu cha Liberec, mji wa jirani. Alinipokea kituoni kwa "Shikamoo dada", akanyang'anya begi, akaanza kunitahadharisha. "Dada, hapa usimsifie mtu kioo chake haraka. Anakwenda kuleta kingine, na kingine. Tutachelewa basi."

Tulianzia kwenye jumba la makumbusho ya kioo na urembo, ndani ya jengo la mwaka 1904 lililokuwa la wafanyabiashara wa kusafirisha nje, Zimmer & Schmidt. Watu wengi humaliza muda wao kwenye makabati ya vito. Mimi nilinata kwenye kadi za sampuli. Ni mbao za karatasi ngumu, zimeshonewa shanga safu kwa safu, kila safu na namba yake, ambazo mawakala wa mji huu walizibeba kwenye masanduku wakazunguka nazo dunia: bangili za kioo kwa ajili ya India, shanga kwa ajili ya Afrika, vifungo kwa ajili ya Paris. Mteja aliweka kidole kwenye namba, na miezi kadhaa baadaye mzigo ukafika bandarini. Kijana wangu aliinama hadi pua ikakaribia kioo cha kabati. Nyekundu, nyeupe, buluu, chungwa. "Hizi bibi yangu anazo shingoni," alisema.

Kweli anazo. Sehemu kubwa ya shanga nzuri wanazoshonea Wamasai na Wasamburu, wale wasiotaka shanga ya kubabuka rangi, hutoka katika bonde hili hadi leo. Nitarudi kwenye hilo, maana ndilo lililonifungua macho zaidi ya thurea zenyewe.

Historia ya mji huu ina kidonda pia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani wa hapa, ambao ndio walikuwa wengi katika ufundi huu, walifukuzwa; baadhi wakaanzisha Neugablonz ndani ya mji wa Kaufbeuren, Bavaria, wakaendelea na kazi ileile. Wacheki waliobaki nao wakaendelea. Hivyo ufundi mmoja ukawa na miji miwili.

Karakana tuliyoingia siku iliyofuata ni banda la matofali nyuma ya nyumba ya mtu. Mzee aliyekuwa tanurini hakusimama kutusalimu, kwa sababu fimbo ya kioo ikishalainika haingoji mgeni. Anaingiza ncha ya fimbo motoni, anaizungusha mpaka inakuwa rangi ya chungwa. Anaitoa, anaivuta kidogo, anaiweka kati ya taya za koleo lenye kalibu, anabana. Kishindo kidogo cha chuma. Sindano iliyomo ndani ya koleo imeshatoboa tundu. Anasogeza fimbo, anabana tena. Ukanda wa matone ukipoa hukatwakatwa, ukatiwa kwenye pipa linalozunguka ili ile ngozi nyembamba ya kioo iliyobaki kingoni ing'oke. Ya bei rahisi huishia hapo. Yale ya thurea yanakwenda kwa mkataji, ambaye huyabana kwenye gurudumu uso mmoja baada ya mwingine, kisha yanasuguliwa mpaka kingo za kila uso zinakuwa kali kiasi cha kuzihisi kwa ukucha.

Alipopumzika nilimwonyesha picha za simu. Aliziangalia kwa adabu, moja moja, bila neno. Kisha akachukua tone moja la umbo la lozi, lenye urefu wa milimita 50, akaomba mtandio wangu, ambao ulikuwa mweusi, akautandaza mezani na kuliweka tone juu yake. Likafa. Ulichokiona ndani ya kioo ni weusi wa mtandio, umekuzwa kidogo. Akalifunga uzi, akalining'iniza dirishani. Hapo likawaka, na kipande cha upinde wa mvua kikatembea ukutani. Halafu akachukua jiwe dogo la kushonea, akaligeuza niuone vizuri mgongo wake: umepakwa fedha, na juu ya fedha kuna rangi ya kuilinda. Akaliweka juu ya mtandio uleule mweusi. Likameta.

"Amemaliza," kijana alininong'oneza. "Hana la kuongeza."

Hakuhitaji kuongeza. Tone la thurea limetengenezwa ili mwanga uingie upande mmoja utokee mwingine; mgongo wake uko wazi, na uhai wake uko kwenye hewa inayolizunguka. Jiwe la nguo linabeba kioo chake cha kujitazamia mgongoni, ndiyo maana linakubali kulazwa juu ya kitambaa. Ukichukua tone lenye mgongo wazi ukalishonea juu ya mahameli, umenunua mwanga ukauzika. Na hivyo ndivyo yalivyoshonwa mengi ya magauni yale kwenye simu yangu.

Basi la Kamenický Šenov lilitupitisha Nový Bor, mji mwingine wa kioo, na ukungu mwingi. Panská skála, mwamba maarufu wa Kamenický Šenov wenye nguzo za basalti, tuliutazama dakika chache tu kwa sababu ya mvua. Mji wenyewe ni mdogo na mtulivu, una shule ya kioo iliyoanza mwaka 1856, na karakana ambako thurea bado zinaunganishwa kwa mkono.

Hapa nilikaa kitako. Mama mmoja alikuwa akiunganisha mnyororo wa vioo vya pembe nane. Kila kioo kina matundu mawili. Anapitisha kipini cha shaba kwenye tundu la kioo cha kwanza na la cha pili, anapinda ncha kwa koleo dogo, anapunguza; kazi ya pumzi mbili. Nilivyotazama karibu niliona kwamba hakazi. Kila kiungo anakiachia nafasi ya unywele, ili kioo kigeuke peke yake mlango ukifunguliwa. Nikauliza kwa nini asikaze ili kisilegee baadaye. Jibu lilitafsiriwa hivi: kikikazwa kinakuwa ukuta.

Jambo la pili ni mpangilio wa ukubwa. Vioo vya juu ni vidogo, vinakua kadiri mnyororo unavyoshuka, na tone kubwa kuliko yote liko mwisho, linavuta mnyororo wote unyooke. Uzito uko chini kwa makusudi. Sisi mafundi wa nguo mara nyingi tunageuza: tunarundika mawe makubwa begani, tunamalizia na vidogo chini, halafu tunashangaa pindo linapeperuka na bega linaporomoka. Nililipima tone lile la lozi kwenye mizani ya duka: gramu 20 na ushei. Matone 40 ya namna hiyo ni zaidi ya gramu 800, na shifoni haibebi gramu 800 bila kuchanika. Yanahitaji utepe mgumu ndani ya pindo, na utepe huo ufungwe kwenye bitana, usitegemee kitambaa cha juu.

Jambo la tatu liliniuma kidogo kwa sababu siwezi kulishona. Thurea ilizaliwa enzi ya mshumaa, mwanga hafifu uliohitaji kuzidishwa. Miali midogo mingi, kila mmoja umesimama peke yake, ndiyo inayofanya kioo kilichokatwa kimeremete. Kila uso wa kioo unashika nukta yake ya moto. Thurea ya mtindo wa Maria Theresa, yule malkia aliyetawazwa Prague mwaka 1743, imejengwa juu ya hesabu hiyo: mikono ya chuma bapa iliyofunikwa vipande vya kioo, maua ya kioo kwenye viungo, na mishumaa imetawanywa pande zote. Sasa peleka kioo hichohicho kwenye ukumbi wenye dari lililosambazwa taa ndefu nyeupe. Mwanga unatoka kila mahali kwa kiasi kimoja, hakuna nukta ya kushika, na kioo kinakaa kama barafu ya soda. Gauni halina kosa hapo. Kosa ni la fundi umeme.

Usiku, chumbani, nilimkumbuka Paul Poiret. Mwaka 1913 aliwavalisha wanawake wa Paris kanzu fupi zenye umbo la kivuli cha taa, pindo limetiwa waya likasimama duara, mbali na mwili. Kwa miaka mingi nilidhani ule ni ujeuri wa mbunifu tu. Baada ya mzee na mtandio wangu mweusi naona kuna akili pale: chochote unachokitundika kwenye pindo lililosimama mbali na mwili kinaning'inia hewani. Kina nyuma na mbele. Matamvua ya shanga kwenye vivuli vya taa za miaka ileile yanafanya kazi hivyohivyo, na fundi anayetaka kujifunza tamvua la shanga afadhali aangalie kivuli cha taa kuliko gauni.

Poniklá tulikwenda kwa sababu ya uzito. Ni kijiji kando ya mto Jizera, na kazi yake ni shanga za kioo za kupulizwa, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2020 kama mapambo ya mti wa Krismasi yanayotengenezwa kwa mkono. Mwanzoni shanga hizi zilikuwa za nguo na za shingoni. Mti ulikuja baadaye. Fundi anapasha moto mrija mwembamba wa kioo, anauweka ndani ya kalibu ndefu ya shaba, anapuliza, na mrija unatoka umekuwa kishada cha shanga zilizoshikana. Dawa ya fedha inapitishwa ndani ya kishada hadi tumbo la kila shanga linakuwa kioo cha kujitazamia, kisha kishada kinatiwa rangi kwa nje, shanga zinakatwa moja moja kwa kisu kigumu, mtu anazitunga kwenye waya.

Nilijaza kiganja, nikafumba macho, sikuhisi kitu. Shanga tupu ndani, fedha tumboni, hivyo zinarudisha mwanga hata zikilala juu ya kitambaa cheusi. Kwa mkono wa gauni au kwa shela ni jibu zuri kuliko tone la thurea. Ubaya wake unajulikana: ukiikalia inavunjika. Usiiweke nyuma, usiiweke kwapani, na gauni lisiende kwa dobi na shanga zake.

Sasa shanga za bibi. Kijiji cha Zásada, si mbali na Jablonec, ndiko zinakotengenezwa shanga ndogo za kukatwa. Namna yake ni nyingine kabisa. Kioo kilichoyeyuka kinavutwa kikiwa na tundu katikati mpaka kinakuwa mrija mrefu mwembamba. Mrija unakatwakatwa vipande, na vipande, matundu yakiwa yamejazwa unga ili yasizibe, vinazungushwa motoni mpaka kingo zinaviringika. Kisha ni kuosha, kuchekecha kwa ukubwa, kutunga. Namba ikipanda shanga inapungua: namba 6 ina milimita 4 hivi, namba 10 milimita 2.3.

Kinachowafanya Wamasai wazipende ni usawa. Ukishona kola bapa ya duara kubwa, shanga moja nene inakupinda mstari wote. Lakini angalia pia wanachokichagua. Kwa sehemu kubwa ni shanga zisizopitisha mwanga: nyeupe ya maziwa, nyekundu nzito, buluu, chungwa. Shanga ya namna hiyo haiombi taa. Jua la saa sita linaipiga usoni nayo inarudisha rangi yote. Halafu pembeni, kwenye hereni na kwenye kingo za kola, wanatundika vipande vidogo vya bati vilivyolegea, vinavyocheza mvaaji akiruka. Vile ndivyo vinavyomulika. Kijana wangu alieleza haya kwa Kicheki kwa muuzaji wa duka, kwa fahari ambayo sikuitegemea kwa mtu aliyekuja kusomea nyuzi za viwandani, na muuzaji akaitikia kwa kichwa muda mrefu.

Bonde moja, kwa hiyo, linatengeneza kioo cha jua na kioo cha taa, na wanunuzi wa miaka mingi wanajua wanachukua kipi. Akina mama wa Longido na Kajiado wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi tunaoshona magauni ya sendofu. Wao wametenga rangi ya kutazamwa na kipande cha kumulika, wakakiachia kipande hicho kining'inie.

Nilinunua kidogo. Bei ya kioo huku si ya mchezo, na tangu gesi ilipopanda mwaka 2022 matanuri yamekuwa yakihesabu kila saa ya moto. Nilichukua mafungu ya shanga namba 10 za rangi nzito, kishada cha shanga za kupulizwa, mita chache za mnyororo wa mawe yaliyokaa ndani ya vikombe vya shaba, na matone machache tu ya thurea, madogo, ya milimita 20. Shanga zenye fedha ndani ya tundu niliziacha. Zinapendeza sana mchana wa kwanza, lakini jasho la pwani huingia tunduni na fedha hugeuka nyeusi. Muuzaji mwenyewe alikiri.

Kwa mafundi wenzangu, hivi ndivyo ninavyoshona sasa. Tone lenye mgongo wazi silishonei juu ya kitambaa. Nalitundika kwenye ukingo: pindo la mkono, ncha ya shela, chini ya hereni, au chini ya mnyororo wa begani unaoacha nafasi ya kidole kati yake na ngozi. Kifuani na kiunoni naweka jiwe lenye mgongo wa fedha, na pasi siipeleki karibu yake. Viungo siviachi vikaze. Na mteja akikuletea picha ya gauni la thurea, kabla hujamtajia bei muulize mambo mawili: sherehe ni ya mchana au ya usiku, na ukumbi una taa za namna gani. Akisema ni mchana, bustanini, mshauri achukue shanga za rangi. Zitampendeza zaidi na atalipa nusu.